Mgeni wa Uvunguni: Niliyojifunza kwa Kumkosea Oposamu

Mwezi Aprili mwaka 2022 mimi na mume wangu tulihamia nyumba ya kupanga mjini Greensboro, katika jimbo la North Carolina. Ni nyumba ya mbao ya zamani, iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali kama zilivyo nyumba nyingi za kusini mwa Marekani, na chini ya sakafu yake pameachwa uwazi wa kupitishia mabomba na nyaya, ambao mimi huuita uvungu kwa kuwa sijapata neno linalofaa zaidi. Usiku wa tatu, nikiwa nimerejea kutoka zamu ya jioni katika makazi ya wazee ninakofanya kazi, nilisikia chini ya chumba cha mtoto kitu kikiburuta majani makavu, kikinyamaza, kisha kikiburuta tena. Katika wiki tatu zilizofuata nilitumia dola 693, nikamkohoza mwanangu kwa harufu ya dawa, na nikaua viumbe ambao hawakuwa wamenikosea lolote, yote hayo kwa ajili ya oposamu, mnyama pori wa huku ambaye angeondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Watu wetu wanazidi kuhamia huku, na wengi wao watakutana naye usiku karibu na pipa la taka kama nilivyokutana naye mimi, ndiyo maana nimeona niandike yaliyonipata bila kuficha.

Nilimwona ana kwa ana usiku wa tano. Alikuwa kando ya pipa, mkubwa kama paka aliyeshiba, manyoya yake ya kijivu yamesimama ovyo, uso mweupe uliochongoka, masikio meusi membamba kama bawa la popo, na mkia mrefu mtupu usio na manyoya. Nilipommulika kwa tochi ya simu hakukimbia. Alipanua kinywa, akanionyesha meno mengi kuliko nilivyodhani mnyama wa kimo kile anaweza kuwa nayo, akatoa mlio kama wa tairi linalovuja upepo, na udenda ukaanza kumtiririka. Udenda ule ndio ulionimaliza nguvu. Nilipokuwa darasa la nne kule Morogoro, mtoto wa jirani yetu aliumwa na mbwa, na wiki kadhaa baadaye akafariki kwa kichaa cha mbwa. Tuliomsikia akilia tuliogopa udenda wa mnyama kwa maisha yetu yote. Niliacha mfuko wa taka palepale, nikaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo mbili.

Asubuhi nilimpigia mama simu, nikamwamkia, nikamweleza nilichokiona. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, huyo si buku?" Swali lake lilikuwa na mantiki, kwa sababu mtu wa Morogoro anamjua panya buku vizuri. Shirika la APOPO, lililo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ndilo linalowafundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na wageni hutoka mbali kuja kuwaona. Mkia mtupu, pua iliyochongoka, kutembea usiku, kupenda jalala: kila nilichotaja kililingana. Nami nikaridhika na jibu hilo. Kwa kuwa nilimwita panya, nilimshughulikia kama panya.

Laiti ningejua wakati ule jinsi wanyama hao wawili walivyo mbali. Panya buku ana mifuko, lakini ni ya mashavuni, ya kubebea chakula, na mtoto wake hukua tumboni kama mtoto wa mnyama yeyote tuliyemzoea. Oposamu ni wa kundi la kangaruu. Jike lake lina mfuko wa ngozi tumboni, na Afrika nzima haina mnyama wa asili wa kundi hilo, jambo linaloeleza kwa nini lugha yetu haikuwahi kumpa jina. Hapa Marekani nako, kaskazini mwa Meksiko, hakuna mwingine wa kundi hilo ila yeye. Mimba yake ni ya siku 12 au 13 tu. Mtoto huzaliwa akiwa na ukubwa wa punje ya haragwe, macho yamefumba, naye hujikokota kwa mikono yake katikati ya manyoya ya mama hadi aingie mfukoni na kudaka chuchu. Chuchu kwa kawaida ni 13, ilhali wanaozaliwa wanaweza kupita 20, hivyo anayechelewa hukosa pa kushika na hufa siku hiyohiyo. Aliyewahi, chuchu humvimbia ndani ya kinywa ikamshikilia, akabaki hapo kwa takriban miezi 2. Kisha hutoka, akapanda mgongoni, na mama akatembea na ukoo mzima juu yake bila mbeleko. Ningalijua habari hizi mwezi ule wa Aprili, swali la kwanza ambalo ningeuliza lingekuwa moja tu: je, ana watoto?

Sikuuliza. Badala yake niliingia kwenye intaneti na kutafuta namna ya kumwondoa kwa jina wanalomwita watu wa huku, posamu, ufupisho wa oposamu, nikakuta maelezo mengi yenye picha nzuri yakishauri nitundike sanduku la mbao juu ya mti ili ahamie humo na kuiacha nyumba. Mume wangu alitengeneza sanduku hilo Jumamosi nzima. Halikuingiwa na kiumbe chochote, kwa sababu maelezo yale yalimhusu mnyama mwingine kabisa, posamu wa Australia mwenye mkia wa manyoya, ambaye huishi mitini na kwenye dari za nyumba. Jina ndilo lililotuponza. Waingereza waliofika Virginia mwanzoni mwa karne ya 17 walilichukua kutoka kwa wenyeji wa jamii ya Powhatan, ambao kwao lilikuwa na maana ya mnyama mweupe. Mwaka 1770 msafara wa nahodha Mwingereza James Cook ulipofika Australia, mtaalamu wake wa mimea, Joseph Banks, alimwona mnyama mwenye mfuko akamfananisha na yule wa Marekani, na jina likahamia huko. Binamu yangu anayeishi Brisbane amenieleza kwamba kwao posamu analindwa na sheria, wakati New Zealand, alikopelekwa kuanzia mwaka 1837 kwa ajili ya biashara ya manyoya, anahesabiwa kuwa mharibifu mkubwa wa misitu na mla mayai ya ndege. Kwa hiyo anayesoma ushauri wowote kuhusu mnyama huyu na aangalie kwanza umeandikwa wapi, na anapotafuta aandike pia jina la jimbo lake.

Sanduku liliposhindwa, nilinunua pakiti 6 za vidonge vya naftalini, vile vinavyowekwa kabatini kuzuia nondo, kwa dola 18, tukavimwaga vyote uvunguni. Kazini mtu alikuwa ameniambia kwamba harufu yake haivumiliwi na mnyama yeyote. Harufu haikubaki uvunguni. Ilipanda katikati ya mbao za sakafu, na kufikia usiku wa manane mwanangu Zuhura, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa akikohoa mfululizo na kulalamika kichwa. Tulilala kwa rafiki yetu siku mbili, na mume wangu alitambaa uvunguni akiwa amejifunga kitambaa puani ili aviokote kimoja kimoja. Hapo ndipo niliposoma maandishi ya nyuma ya pakiti, yaliyosema wazi kwamba kukitumia kiuatilifu hicho kinyume cha maelekezo yake ni kuvunja sheria ya nchi. Mnyama hakwenda popote.

Nikaita kampuni ya kuondoa wanyama, ambayo sitaitaja. Ukaguzi ulikuwa dola 125, kutega na kumchukua mnyama dola 310, kuziba tundu dola 240. Nilitia saini mlangoni, nikiwa nimesimama, nikiwa nimechelewa kazini, bila kusoma mkataba na bila kuuliza maswali mawili ambayo sasa ninamwomba kila mtu ayaulize kabla ya kalamu kugusa karatasi: mnyama akishakamatwa atapelekwa wapi, na ni nani atakayekagua kama ana watoto. Fundi aliweka mtego wa kizimba uliotiwa samaki wa kopo, na kesho yake asubuhi mnyama alikuwa ndani.

Nilipochungulia nilidhani amekufa. Alikuwa amelala ubavu, kinywa wazi, ulimi umening'inia, na chini ya mkia wake palikuwa na ute wa kijani wenye harufu ya uozo. Fundi alicheka, akasema anaigiza tu, akafunika kizimba kwa turubai na kukipakia garini. Kisha alitandaza wavu wa chuma kwenye tundu, akaukaza kwa skrubu, akaenda zake. Nilipompigia baadaye kumuuliza walimpeleka wapi, alijibu kwa mkato kwamba suala hilo limeshamalizika. Nilielewa alichokuwa anakwepa kusema. Katika majimbo mengi huku mtu haruhusiwi kumhamisha mnyama pori na kumwachia mahali pengine bila kibali, na mara nyingi mnyama anayekamatwa kwa namna ile huuawa, hata kama mteja anawazia msitu wenye mito.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi usiku nilisikia chini ya kitanda cha Zuhura sauti ambayo hata leo ikinijia huniondoa usingizini: kama mtoto mchanga anayepiga chafya ndogondogo bila kupumzika, kisha wa pili akimwitikia, kisha wengi kwa pamoja. Niliipigia kampuni simu, wakaniambia ukaguzi mpya ni dola 125 na nafasi iliyopo ni ya Jumatatu. Mume wangu alichukua koleo, akaukata wavu tuliokuwa tumeulipia siku mbili kabla, nami nikaingia kwa tumbo na tochi mdomoni.

Kiota kilikuwa kwenye kona, chini ya bomba la maji ya moto. Kilikuwa rundo la majani makavu ya mwaloni yaliyofumwa pamoja na vipande vya mifuko ya plastiki, na katikati yake nikaitambua soksi ya njano ya mwanangu iliyopotea kwenye kamba ya kuanikia. Ndani mlikuwa na watoto wanane, kila mmoja mrefu kidogo kuliko kidole changu cha kati bila kuhesabu mkia, macho wazi, wamekumbatiana. Mmoja alikuwa ameshakufa. Niliwaweka kwenye upindo wa sweta langu, nao wakanishika kwa vidole vyao vya baridi. Miguu yao ya nyuma ina gumba kama la mkono wa binadamu, lisilo na kucha, na gumba lile lilipojikunja kwenye kidole changu nilianza kulia palepale uvunguni.

Kisha, kwa kutaka kuwaokoa, nilimwua mmoja. Nilipasha maziwa ya ng'ombe, nikayavuta kwa sirinji ya dawa ya Zuhura, nikamdondoshea aliyeonekana dhaifu kuliko wote. Alikohoa, povu likamtoka puani, akatulia. Baadaye nilielezwa kwamba watoto wa umri ule hawajui kunyonya chupa kama mwanakondoo au mtoto wa paka, kwa sababu wamezoea kushikamana na chuchu inayowatiririshia, hivyo maziwa uliyowadondoshea huishia kwenye mapafu. Na hata yakifika tumboni, maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Anayewalisha bila ujuzi kwa muda mrefu huwapotoa mifupa kwa kukosa kalsiamu.

Tume ya Rasilimali za Wanyamapori ya North Carolina huorodhesha walezi wa wanyama pori wenye leseni, na majimbo mengine nayo yana utaratibu wa aina hiyo. Mlezi wa kwanza niliyempigia alikuwa amejaa, wa pili hakupokea, na wa tatu, mama mmoja aishiye mashambani nje ya Asheboro, alipokea saa tano usiku. Hakunilaumu. Alinipa maelekezo mafupi ambayo nimeyaandika na kuyabandika kwenye friji: waweke kwenye boksi lenye matundu na kitambaa laini kisichochomoka nyuzi, weka chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo upande mmoja ili anayesikia joto aweze kusogea mbali nayo, usiwape chakula wala maji, waache gizani penye utulivu, uje asubuhi. Nilikosa zamu ya siku hiyo na malipo yake. Niliwafikisha sita, wote hai.

Nilikaa jikoni kwake kwa muda wa karibu saa tatu. Aliuliza kama kuna mtu aliyekagua mfuko wa mama yao kabla ya kumchukua, nikamjibu kwamba hakuna, akainamisha kichwa na kuendelea kupima joto la boksi. Yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu udenda. Oposamu akiogopa hutoa udenda, hupanua kinywa, huonyesha meno yake 50, idadi isiyofikiwa na mnyama mwingine yeyote anayenyonyesha wa nchi kavu katika Amerika ya Kaskazini, na yote hayo ni vitisho vya kiumbe asiyejua kupigana wala kukimbia kwa kasi. Kichaa cha mbwa kwake ni nadra sana, na inadhaniwa kwamba sababu ni joto la mwili wake, ambalo huwa nyuzi 34 hadi 35, chini ya kiwango kinachovifaa virusi hivyo. Wanaochunga kichaa hicho hapa mashariki mwa Marekani huwaangalia zaidi rakuni, popo na mbweha. Hata hivyo nadra si kamwe, na anayeumwa na mnyama pori yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi papo hapo, aende hospitali siku hiyohiyo.

Lililonichoma zaidi ni alichoniambia kuhusu makazi ya oposamu. Oposamu hachimbi shimo lake mwenyewe, hupanga tu: mvungu wa mti, shimo lililoachwa na mnyama mwingine, rundo la kuni, chini ya nyumba. Hukaa siku chache, kisha huhamia kwingine chakula kilipo, na hata mama mwenye watoto hukaa kwa muda mfupi tu mpaka waweze kushika vizuri mgongoni. Watoto wangu wale walikuwa wamefikia umri huo. Kwa makadirio yake, wangehama wote ndani ya wiki moja, nami ningeamka siku hiyo bila kujua kwamba wameshaondoka.

Hakunidanganya kwamba ni mnyama asiye na madhara kabisa. Jirani yake alikuwa na farasi, na oposamu hubeba kimelea ambacho, kinyesi cha mnyama huyo kikiingia kwenye lishe, huweza kushambulia uti wa mgongo na ubongo wa farasi. Hubeba pia viroboto, na anaweza kuambukiza homa ya leptospira kupitia mkojo. Kwa hiyo uvungu alimolala husafishwa kwa glavu na barakoa, na hakuna sababu ya mtu kumfuga au kumpapasa. Katika upande wa pili wa mizani, anakula konokono, mende, panya, mizoga, matunda yaliyooza, na hata nyoka wa huku walio ndugu wa mbali wa moma wetu, ambao sumu yao haimdhuru. Nilirudi nyumbani na sifa zote hizo, nikaongeza na moja niliyoisoma, kwamba hula maelfu ya kupe kila msimu, nikaisambaza kwa kila mtu kanisani. Mwaka uliofuata nikagundua kwamba hesabu hiyo ilitokana na jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 2009, na kwamba watafiti waliopasua matumbo 32 ya oposamu wa Illinois, wakachapisha matokeo mwaka 2021, hawakukuta kupe hata mmoja. Niliwarudia wale niliowaambia, nikasahihisha. Sikutaka mnyama huyu atetewe kwa uongo baada ya kuuawa kwa uongo.

Novemba ya mwaka ule wa 2022 oposamu mwingine alikuja. Nilimwona jioni kupitia dirisha la jikoni, akikusanya majani chini ya mwaloni. Aliyashika kwa kinywa, akayapitisha kwa mikono chini ya kifua, akayasukuma kwa miguu ya nyuma hadi kwenye mkia, na mkia ukajipinda kuyazunguka kama kata inavyojipinda kichwani mwa mchota maji, kisha akatembea na mzigo wake ukining'inia nyuma. Alirudia safari ile mara nne. Watu wengi huamini kwamba mkia huo ni wa kulalia, kwamba oposamu hulala amening'inia tawini kichwa chini. Mtu mzima wao, mwenye kilo 2 hadi 6, hawezi kulala hivyo. Mkia ni mguu wake wa tano anapopanda, na ni kikapu chake anapohamia. Ncha ya mkia wa yule wa Novemba ilikuwa imekatika, na masikio yake yalikuwa na pengo pembezoni, alama za baridi ya majira yaliyotangulia, maana mkia na masikio hayana manyoya na barafu huyala.

Safari hii sikuita mtu. Nilisubiri siku kumi, nikaacha kuweka nje chakula cha paka, nikafunga pipa kwa kamba ya mpira. Kisha nikafanya jaribio nililofundishwa Asheboro: nikasokota karatasi za magazeti, nikazijaza kwenye tundu bila kukaza, nikaangalia kila asubuhi. Siku ya kwanza zilikuwa zimesukumwa nje, nikazirudisha. Siku tatu mfululizo zilizofuata hazikuguswa, na hali ya hewa ilikuwa nzuri, hivyo mnyama aliyekuwemo angetoka kutafuta chakula. Mume wangu akaingia na tochi kuhakikisha, ndipo tukaziba kwa wavu uliotugharimu dola 22. Katika miezi ya kuanzia Februari hadi kiangazi ningesubiri kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu huo ndio wakati wa watoto.

Machi mwaka 2023 nilisimamisha gari pembeni ya barabara kwa ajili ya oposamu aliyegongwa. Wengi hufa hivyo, kwa sababu hufuata mizoga barabarani wakawa mizoga wenyewe, na ni wachache sana porini wanaofikisha miaka miwili. Ninaweka glavu na boksi garini tangu wakati ule. Kama pako salama kusimama, mtu anaweza kupapasa mfuko wa tumboni, na akiona watoto wameshikamana na chuchu asiwavute hata kidogo, maana atawachana vinywa. Mama mfu huchukuliwa alivyo, akapelekwa kwa mlezi pamoja nao. Yule wa Machi mfuko wake ulikuwa mtupu. Anayekuta mtoto peke yake ampime kwa macho kutoka pua hadi mwanzo wa mkia: akipita sentimita 18 hivi, na akionekana mzima, huyo anajitegemea, na kumchukua ni kumteka.

Nimeacha kwa mwisho jambo la kufa kwake kwa uongo, ambalo lugha ya Kiingereza imelifanyia hata msemo, "kucheza posamu", yaani kujifanya mfu, kwa sababu nililielewa mwishoni. Agosti mwaka huo baba mmoja wa Goma, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alinigongea mlango mapema sana. Mbwa wake alikuwa amemkamata oposamu uani na kumtikisa. "Mama Zuhura, ile nyama imekufa," aliniambia, maana ndugu zetu wa Kongo mnyama humwita nyama, "nataka niifunge kwenye mfuko niitupe kabla watoto hawajaamka." Tayari alikuwa ameshika mfuko mweusi wa taka.

Nilimwomba asimfunge. Nilimweleza kwamba mnyama huyu haigizi wala hajifanyi, na kwamba Kiswahili chetu kina neno sahihi kuliko la Kiingereza: anazimia. Hofu ikimzidi, mwili humzima bila yeye kuchagua, pumzi ikapungua, ute ule wa kijani ukamtoka ili adui amdhani mzoga, na anaweza kubaki hivyo kwa dakika chache au kwa saa kadhaa. Kumtikisa au kumpiga ili aamke ni kumrefushia hofu, na kumfunga mfukoni ni kumzika hai. Alimfungia mbwa ndani, akaleta viti viwili, tukakaa mbali chini ya kibaraza tukinywa chai. Nilimsimulia habari za kizimba na soksi ya njano. Nilitazama ubavu wa yule mnyama nione kama kuna damu, sikuiona. Inzi walikuwa wakitua kwenye ulimi wake, naye hakupepesa jicho.

Saa moja ilipita, na nusu yake. Jirani yangu alishaanza kuangalia saa yake kwa heshima, kama mtu asiyetaka kunivunja moyo, wakati sikio moja la yule mnyama lilipocheza. Likatulia. Likacheza tena, likageuka upande wa barabara, kisha upande wetu. Tuliacha kuongea. Alifumba kinywa, akainua kichwa polepole, akanusa hewa kwa muda mrefu, akajikusanya miguu yake minne, na kuelekea kwenye uzio kwa mwendo wake ule wa kuyumbayumba, bila haraka, mkia ukimfuata chini. Baba yule aliusukuma mfuko mweusi chini ya kiti kwa mguu wake.

"Imefufuka," alisema kwa sauti ya chini, na hakuondoa macho kwenye pengo la uzio mpaka majani yalipoacha kutikisika.